Kabla ya Hotuba: Filamu za Kihindi na Stadi Tunazodhani Zinatufunza

Katika vikao vyetu, mtu akianza kueleza jambo kwa mizunguko mingi, machozi yakiwa karibu na ushahidi ukiwa mbali, haichukui muda kabla mwenzake hajamwambia, "Usituletee picha la Kihindi hapa." Msemo huo umezoeleka kiasi kwamba husikika kuanzia kwenye usuluhishi wa ndoa hadi kwenye majukwaa ya siasa, na maana yake haihitaji mfasiri: chumvi nyingi, sadfa zisizoaminika, ndugu waliopotezana utotoni wakitambuana kwa wimbo, na steringi aliyepigwa risasi tatu ambaye bado ana pumzi ya kuagana na mama yake. Lakini ichukue simu ya huyo huyo aliyetoa kejeli, na huenda ukakuta kwenye stetasi yake kipande kifupi cha Shah Rukh Khan akiwahutubia wachezaji wake wa mpira wa magongo kabla ya kuingia uwanjani katika Chak De! India, na chini yake pameandikwa maneno ya kutiana moyo kuhusu kutokata tamaa.

Mimi naona wote wawili, anayekejeli na anayehamasika, wanaitazama filamu mahali pasipo na somo. Wa kwanza anatazama chumvi, wa pili anatazama hotuba. Kama kweli filamu hizi zinaweza kutufunza stadi za maisha, na ninaamini zinaweza, basi mafunzo yenyewe yamo katika dakika nyingi zinazoitangulia hotuba, pale mtu anapoaibika, anapojadiliana, anapokosea, anapoomba radhi au anapolazimika kuamua huku muda ukimwishia. Na humo humo ndimo yalimo mafunzo mabaya, ambayo hakuna anayeyatangaza kwa hotuba na kwa hiyo hutuingia bila kubisha hodi.

Bibi yangu mzaa mama alikulia Tanga wakati ambapo sinema ilikuwa ndiyo matembezi ya familia, watu wakivaa nguo zao za sikukuu kwenda kutazama picha ambayo haikuwa na tafsiri ya Kiswahili hata mstari mmoja. Kihindi alichokijua kilimtosha kununulia bizari dukani. Hata hivyo, alipotusimulia Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, alitusimulia kama mtu aliyeelewa kila kitu, kwa sababu hakusimulia maneno. Alisimulia namna Nargis, katika nafasi ya Radha, alivyolikokota jembe shambani kwa mabega yake mwenyewe, na namna alivyomtazama mkopeshaji aliyekuwa tayari kuwalisha watoto wake kwa malipo ya mwili wake. Kuhusu mwisho, pale mama huyo anapomfyatulia risasi mwanawe Birju ili kumwokoa binti wa watu anayetekwa siku ya harusi yake, bibi alikuwa na sentensi moja tu: "Hakumwua kwa hasira, ungeuona mkono wake." Huo mkono sikuuona mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikaitafuta filamu makusudi, na nikagundua kwamba mtazamaji asiyejua lugha alikuwa ameona zaidi yangu mimi niliyekuwa nikisoma tafsiri chini ya kioo.

Ninalileta jambo hili kwa sababu ndiyo hoja yangu yote kwa ufupi. Watazamaji wa mwambao wa Afrika Mashariki walizikosa hotuba kwa miongo mingi na bado walitoka ukumbini wakijadili nani alikosea na nani alistahimili. Walipokuja baadaye wasimulizi wa mabanda ya video, akina Lufufu, waliotia Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi yao kubwa haikuwa kutafsiri neno kwa neno bali kutudokeza kwamba huyu anayecheka ana lake jambo. Kusoma uso, kupima nia na kutofautisha ukimya wa woga na ukimya wa kujizuia ni stadi, na wataalamu wa ajira wanaozihubiri chini ya jina la stadi laini wangekuwa na bahati kuwapata wanagenzi wa namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa miaka ya 1990 kuhusu elimu ya stadi za maisha shuleni, lilitaja stadi 10 za msingi, zikiwamo kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, kuelewa hisia za wengine na kukabiliana na msongo. Orodha hiyo ni nzuri, ila ina hatari ya orodha zote, kwamba mwanafunzi anaweza kuzitaja zote 10 kwa mpangilio na kupata alama zake, kisha akashindwa kumwambia mwenzake "nimekukosea". Hadithi ndefu inaweza kufanya kile ambacho orodha haiwezi, kwa sharti kwamba tunaitazama kwa subira.

Chukua English Vinglish, filamu ya Gauri Shinde ya mwaka 2012. Sridevi anaigiza nafasi ya Shashi, mama wa nyumbani anayetengeneza na kuuza ladu, si zile za tangawizi na pilipili manga tunazozijua sisi, lakini jina ni moja. Mumewe anamtania kwamba alizaliwa kwa ajili ya kupika ladu, na binti yake anaona aibu kwenda naye shuleni kwa sababu hajui Kiingereza. Anasafiri peke yake kwenda New York kumsaidia dada yake maandalizi ya harusi, na siku moja anaingia mgahawani kununua chakula. Anachotaka ni kitu kisicho na nyama, maji na kahawa. Mhudumu anamrushia maswali mfululizo: mkate wa aina gani, ndani uwekwe nini, maji ya aina gani, kahawa ipi kati ya hizi. Kila jibu la Shashi linazaa swali jingine, foleni nyuma yake inaanza kuhema, na alipoulizwa kuhusu kahawa akataja Nescafé, jina pekee alilokuwa nalo. Anaishia kukimbilia nje na kulia hadharani, mtu mzima, mama wa watoto wawili, mbele ya wapita njia.

Mtazame tena mhudumu. Hakutukana. Kosa lake lilikuwa kasi, na lile la kumfanya mteja ahisi kwamba muda wake una thamani ndogo kuliko wa foleni. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya ofisi fulani akiulizwa maswali kwa Kiingereza na Mswahili mwenzake, kadi mkononi na jasho mgongoni, anaijua kasi ile. Mimi naijua. Ndiyo maana nasema tukio hili la dakika chache lina mafunzo mengi ya kuhudumia wateja kuliko semina ya siku mbili, kwani linatuweka upande wa pili wa kaunta na kutuacha huko mpaka tumeungua.

Kinachofuata hakina shamrashamra. Shashi anaona tangazo la darasa la Kiingereza la wiki nne, anajiandikisha kwa siri akitumia pesa zake mwenyewe za ladu, anajifunza kupanda treni, anapotea, anafika. Darasani mwalimu anamwambia kwamba mtu anayeuza ladu anaitwa mjasiriamali, na Shashi anatembea barabarani akilirudia neno hilo mdomoni kama mtu anayejaribisha kiatu kipya. Kujitambua, ambako vitabuni ni aya moja kavu, hapa ni mwanamke anayetamka neno moja njiani. Halafu siku ya mtihani inaangukia siku ya harusi, sinia la ladu linamwagika, naye anachagua kuzitengeneza upya badala ya kukimbilia mtihani. Mtu anaweza kuubisha uamuzi huo, na nadhani inafaa kuubisha, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba haukuwa wake.

Baada ya yote hayo ndipo inapokuja hotuba. Harusini mumewe anainuka kuwaeleza wageni kwamba Kiingereza cha mkewe si kizuri, naye anamzuia kwa upole, anaomba nafasi, anasimama. Hotuba yenyewe ni fupi, ya maneno mepesi, yenye kusitasita. Ukiikata na kuiweka kwenye stetasi, inakuwa nasaha za ndoa za kawaida. Uzito wake wote umekopwa kutoka kwenye ile foleni ya mgahawani.

Ninapoweka filamu hiyo kando ya 3 Idiots ya Rajkumar Hirani, iliyotoka mwaka 2009 na ambayo hutajwa kila mara watu wanapozungumzia filamu na elimu, napata tabu kidogo. Ujumbe wake wa wazi ni mzuri: elewa badala ya kukariri, fuata kipaji chako, usiwaue watoto kwa ajili ya alama. Lakini tazama inamcheka nani. Chatur, mwanafunzi mkaririshaji, ni kijana aliyezaliwa Uganda na kusoma Pondicherry, mji wa kusini mwa India ambako Kihindi si lugha ya wenyeji, na kwa sababu hiyo Kihindi chake ni cha kubahatisha. Anapewa kazi ya kutoa hotuba siku ya walimu, hotuba anaandikiwa na mtu mwingine, naye anaikariri. Rancho, shujaa wetu, anabadilisha neno linalomaanisha muujiza kwa neno linalomaanisha ubakaji, na Chatur anasimama mbele ya waziri, mkuu wa chuo na ukumbi mzima akisoma uchafu asioujua kwa sauti ya fahari. Ukumbi unaanguka kwa kicheko. Na sisi tunacheka.

Ni Shashi yule yule, isipokuwa safari hii kamera iko upande wa foleni. Mtu asiyeijua lugha anadhalilishwa kwa kutoijua, na anayemdhalilisha ndiye mwalimu wetu wa utu, aliyeeleza kwamba alitaka kuonyesha ubaya wa kukariri. Kuna njia ya kumfunza mwenzako kwamba kukariri hakufai bila kumvua nguo hadharani, na kuna kiasi cha utani ambacho neno ubakaji halipaswi kubebeshwa. Siandiki haya ili filamu ifungiwe. Ni ya kuchekesha, na Boman Irani akiwa mkuu wa chuo ni burudani tosha. Naandika kwa sababu kijana anayeitazama mara 10 anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwa sikio anajifunza kuwa maarifa ni zaidi ya alama, na kwa kicheko anajifunza kuwa mwerevu ana haki ya kumfanyia mzito anavyotaka. Lipi kati ya hayo litamsaidia au kumharibia kazini, kwenye ofisi yenye watu wa lahaja saba? La pili, nadhani, kwa kuwa kicheko hakisahauliki.

Lagaan ya Ashutosh Gowariker, ya mwaka 2001, ina dakika 224, na kila anayelalamika kuhusu urefu wake ningemwomba afikirie kwa nini zilihitajika. Mwaka ni 1893, kijiji ni Champaner, mvua imekataa, na kapteni wa Kiingereza anatoa dau: wanakijiji wakimshinda katika kriketi, mchezo wasioujua, watasamehewa kodi kwa miaka mitatu, wakishindwa watalipa mara tatu. Bhuvan, aliyeigizwa na Aamir Khan, analikubali dau palepale, bila kuwauliza watu ambao nafaka yao ndiyo iliyowekwa rehani. Hilo ni kosa la uongozi, na filamu hailiachi lipite hivi hivi. Kijiji kinamgeuka, na sehemu kubwa ya saa zinazofuata ni kazi ya kumpata mtu mmoja mmoja. Anawaonyesha kwamba mchezo huu wa wakubwa ni ndugu wa gilli-danda, mchezo wa kupiga kijiti kwa fimbo waliocheza utotoni. Mpiga kombeo anaonekana kuwa mrushaji, mfuga kuku aliyezoea kudaka majogoo yanayotoroka anaonekana kuwa mdakaji, mpiga ngoma wa hekaluni asiyesema ana mikono ya kupiga mpira mbali. Stadi hapo ni kutazama kazi ya mtu ya kila siku na kuona ndani yake uwezo ambao mwenyewe hajaupa jina. Waajiri wetu wanaodai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kupokea simu wangejifunza kitu.

Mmoja wa wachezaji anaitwa Kachra, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi, kwa maana tunalo neno hilo hilo: kachara. Ni mtu wa tabaka lisiloguswa, mwenye ulemavu wa mkono, anayetazama mazoezi kwa mbali mpaka mpira unapomfikia na Bhuvan kumwomba aurudishe. Anautupa, nao unapinda kwa namna ya ajabu. Wenzake wanaapa kutocheza naye. Bhuvan anawakabili, wanaona haya, Kachra anaingia, na siku ya pili ya mechi anawatoa Waingereza watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ni tukio la kusisimua, na lina kasoro ambayo nilichelewa kuiona: Kachra mwenyewe hasemi karibu kitu. Heshima yake inajadiliwa na wengine, juu ya kichwa chake, kisha anakabidhiwa. Nimekaa katika vikao vya kamati nyingi ambamo mwakilishi wa walemavu aliketi hivyo hivyo, akipigiwa makofi.

Tukio ninalolipenda zaidi katika filamu hiyo halina mpira. Lakha, aliyekuwa akipeleka habari kwa kapteni kwa wivu wa mapenzi na kuachia mpira makusudi siku ya kwanza, anagunduliwa. Kijiji kinamfukuza kwa nia ya kumuua, naye anajificha hekaluni. Bhuvan anaingia, anafunga mlango, anamsikiliza. Kisha anatoka na kuwaomba wenzake wampe nafasi, akiwa na mchezaji mmoja ambaye hawezi kumbadilisha na mechi ambayo haijaisha. Huo haukuwa msamaha wa huruma peke yake, ulikuwa pia hesabu, na ni vizuri tukikubali kwamba msamaha mwingi unaodumu mahali pa kazi una hesabu ndani yake.

Kama kuna anayeshuku kwamba watu huchukua tabia kutoka filamu na kwenda kuitumia, namkumbusha Lage Raho Munna Bhai ya mwaka 2006, nayo ya Hirani. Mstaafu mmoja anazungushwa ofisini na karani anayetaka rushwa ili ashughulikie pensheni yake. Kwa ushauri alioupata redioni, mzee anakwenda na kumkabidhi karani vitu vyake kimoja kimoja, hadi nguo alizovaa, kwa adabu kamili, mbele ya watu wote. Karani anaitia saini karatasi kwa mikono inayotetemeka. Wastaafu wa kwetu wanaojua benchi la ofisi ya mafao hawatahitaji kuelezwa kwa nini tukio hilo linauma na kuchekesha kwa wakati mmoja. Filamu hiyo inamtumia Mahatma Gandhi kama mshauri wa jambazi, na mbinu yake nyingine ni kumtumia maua anayekudhulumu. Julai 2007, wahamiaji wenye ujuzi nchini Marekani, wengi wao Wahindi, walipofungiwa ghafla dirisha la maombi ya ukaazi wa kudumu, walituma mamia ya mashada ya maua kwa mkurugenzi wa idara ya uhamiaji, wakiiga filamu hiyo kwa makusudi. Maua yalipelekwa kwa wanajeshi waliokuwa wakitibiwa hospitalini, na katikati ya mwezi idara ikabatilisha uamuzi wake. Kulikuwa na wanasheria na wabunge nyuma ya shinikizo hilo, kwa hiyo sitayapa maua sifa yote, lakini walioyatuma walikuwa wamejifunza mahali fulani kwamba hasira inaweza kuvalishwa adabu bila kupungua nguvu.

Mlango huo huo hupitisha na mengine. Kwa miongo mingi steringi wa Kihindi amemfuata msichana barabarani, amemzingira kwa nyimbo na marafiki, amekataliwa mara tano, na mara ya sita msichana ametabasamu. Mwaka 2015, katika mahakama ya Hobart, Tasmania, mlinzi mmoja wa asili ya India aliyeshtakiwa kwa kuwaandama wanawake wawili alitetewa na wakili wake kwa hoja kwamba filamu za kwao zilimfundisha kuwa mwanamke huitika mwanaume anapong'ang'ania, naye akaepuka kifungo. Hoja hiyo inanikera, maana mamilioni wanazitazama filamu hizo hizo na hawamwandami mtu. Lakini siwezi kuitupa yote, kwa kuwa nawakumbuka vijana wa mtaani kwetu waliokuwa wakisema "hapana ya msichana ni ndiyo iliyovaa ushungi", na hawakuipata msikitini wala shuleni. Hakuna filamu iliyowahi kuwa na hotuba ya kufundisha hivyo. Ilitosha kwamba kila mara aliyeng'ang'ania ndiye aliyepewa wimbo.

Ndiyo maana nina mashaka na mtindo unaoenea wa wakufunzi wanaokata kipande cha dakika tano, wakakionyesha kwa projekta, kisha wakauliza, "Tumejifunza nini?" Jibu huwa tayari limeandikwa kwenye karatasi ya mkufunzi: ushirikiano, uvumilivu, kujiamini. Kipande kinachochaguliwa karibu kila mara ni hotuba, kwa kuwa hotuba hukatika vizuri. Ningependa kuona darasa moja linalotazama mgahawa wa New York tu, mara tatu: mara ya kwanza ukiwa Shashi, mara ya pili ukiwa mhudumu, mara ya tatu ukiwa mtu wa nne kwenye foleni, mwenye haraka zake halali. Kisha watazame ukumbi wa Chatur, na waulizwe walicheka wakati gani.

English Vinglish inamalizika ndani ya ndege, familia ikirejea India. Mhudumu anapita, na Shashi anamwuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kusita, kama wana gazeti la Kihindi. Bibi yangu hakuijua sawasawa lugha hata moja kati ya hizo mbili. Angeangalia alivyokaa kwenye kiti.